Asilimia 75 ya Nini? Kisa cha Kipimo cha Damu cha Heidelberg

Shangazi alinipigia simu jioni moja ya mwaka 2019, sauti yake ina furaha isiyo ya kawaida. Kwenye kikundi chao cha vikoba kulikuwa kumerushwa ujumbe kwamba Wajerumani wamepata kipimo cha damu kinachogundua saratani ya matiti. Hakuna kubanwa titi kwenye mashine, hakuna mionzi, hakuna kuvua nguo mbele ya kijana wa watu. Unachomwa sindano, unakwenda zako. "Mwanangu, wewe si uko maabara? Kimeshafika Muhimbili?"

Nilimwambia nitaulizia. Ujumbe wenyewe haukuwa uzushi, na hilo lilinishangaza, kwa sababu nimezoea ujumbe wa vikundi kuwa wa majani ya mstafeli na maji ya limao. Safari hii aliyetangaza alikuwa hospitali ya chuo kikuu, tena moja ya zile zinazoheshimika sana Ulaya.

Tarehe 21 Februari 2019, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Heidelberg ilikutana na waandishi wa habari mjini Düsseldorf, ambako madaktari wa magonjwa ya wanawake walikuwa kwenye kongamano lao. Kipimo kilitambulishwa kwa jina la HeiScreen. Kilitafuta alama 15 ndani ya damu, mchanganyiko wa maikro-RNA na mabadiliko ya kikemikali yanayokaa juu ya DNA. Kilikuwa kimejaribiwa kwa wanawake zaidi ya 900, na kama 500 kati yao walikuwa na saratani ya matiti. Uwezo wake wa kuwakamata wagonjwa ulitajwa kuwa asilimia 75. Kwa wanawake wenye umri hadi miaka 50 ulipanda kufika asilimia 86, kwa waliovuka hapo ukashuka hadi 60. Ilisemwa kwamba kingeingia sokoni mwaka huo huo. Gazeti la Bild likakiita sensesheni ya dunia.

Kilichokosekana siku hiyo ni vitu viwili. Hakukuwa na makala ya kisayansi ambayo mtaalamu mwingine angeweza kuisoma na kuipekua. Na ile asilimia 75 ilikuja peke yake, bila mwenzake. Nitaanza na molekuli zenyewe, kwa sababu zimesingiziwa mengi katika kisa hiki, halafu nitarudi kwenye namba.

Maikro-RNA ni kipande kifupi mno cha RNA, molekuli inayofanana na DNA, herufi 22 hivi tu. Hakibebi maelekezo ya kutengeneza protini. Kazi yake ni kwenda kushika RNA nyingine zinazobeba maelekezo hayo na kuzizuia zisisomwe, au kuzifanya ziharibiwe. Cha kwanza kilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo wa maabara, C. elegans, na kwa miaka saba watu wengi waliona ni mambo ya minyoo. Mwaka 2000 kikapatikana cha pili, let-7, na hicho kikaonekana kipo pia kwa binadamu. Victor Ambros na Gary Ruvkun, walioanzisha habari hii, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Saratani huvuruga hizi maikro-RNA. Mwaka 2005 tayari ilikuwa imeonyeshwa kwamba nyama ya uvimbe wa titi ina mpangilio tofauti na nyama ya titi lisilo na saratani. Lakini nyama ya uvimbe unaipata kwa kuikata. Mlango ulifunguka mwaka 2008, pale vikundi tofauti vilipoonyesha kwamba maikro-RNA zinaelea kwenye sehemu ya maji ya damu, yaani plazma, na haziharibiki haraka. Kwa mtu wa maabara jambo hili ni la ajabu. RNA ya kawaida ukiiacha kwenye plazma inaliwa na vimeng'enya mara moja, ukirudi hukuti kitu. Hizi zinaokoka kwa sababu hazitembei uchi. Nyingine zimefungwa ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, nyingine zimekumbatiwa na protini iitwayo Argonauti. Ndoto ikazaliwa hapo: uvimbe unamwaga barua zake kwenye damu, basi tuzisome barua kabla uvimbe haujashikika kwa vidole.

Na Heidelberg hawakuwa wageni katika ndoto hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa mji huo walichapisha kazi mbili, zikapitiwa na wenzao kama inavyotakiwa. Ya kwanza ilipima plazma ya wagonjwa 127 na wanawake 80 wazima, yaani wasio na saratani, na maikro-RNA tatu zikiunganishwa zikatoa alama ya 0.69. Ya pili ilikusanya maikro-RNA saba, alama ikapanda hadi 0.81, na kwa wanawake wenye miaka 50 kushuka chini ikafika 0.86.

Alama hiyo husomwa hivi. Mchukue mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua. Je, kipimo kitampa mgonjwa namba ya juu kuliko mzima? Ukirusha shilingi utapatia mara 50 kati ya 100, yaani 0.5. Kipimo cha 0.81 kinapatia mara 81. Si haba. Ni matokeo ya kumfanya mtafiti mwaminifu aseme, "Hapa kuna kitu, tuendelee kuchimba." Ila swali hilo la wawili-wawili si swali la mwanamke aliyekaa kwenye benchi la kliniki. Yeye hajaletwa na mwenzake wa kulinganishwa naye. Yuko peke yake, na anataka kujua ndiyo au hapana.

Kabla ya mashine, kuna sindano

Nina ugomvi wangu binafsi na habari nyingi za vipimo vya damu: zinaanza kwenye mashine. Damu haianzii kwenye mashine. Inaanzia kwenye mkono wa mtu, mpira umefungwa, mshipa hauonekani, anayechoma ana haraka kwa sababu foleni imefika mlangoni. Akivuta kwa nguvu kwa sindano nyembamba, akaitikisa tyubu badala ya kuigeuza taratibu, seli nyekundu zinapasuka. Ikizungushwa kwenye sentrifuji, plazma badala ya kuwa ya manjano inatoka na rangi ya waridi. Sisi tunasema sampuli imehemolaizi, na kwa kipimo cha potasiamu tunaikataa tu, mgonjwa anaitwa tena, ananuna, anachomwa upya.

Kwa maikro-RNA jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu seli za damu zenyewe ni maghala ya maikro-RNA. Seli nyekundu zimejaa maikro-RNA ziitwazo miR-451, miR-16 na miR-486. Mwaka 2012 watafiti wa Seattle walifanya kazi ambayo naiona ya ukombozi, ingawa haikushangiliwa na gazeti lolote. Walichukua maikro-RNA 79 zilizokuwa zimetangazwa kuwa alama, ndani ya damu, za saratani za uvimbe, wakaziangalia moja moja. Zile 46, yaani asilimia 58, zilikuwa zinapatikana kwa wingi ndani ya seli za damu. Na kupasuka kwa seli, au tu mabadiliko ya idadi yake, kuliweza kubadili kiwango cha maikro-RNA kwenye plazma hadi mara 50. Anayefanya PCR, kipimo kinachozidisha molekuli mara mbili kila mzunguko, anajua mara 50 ni kitu gani: haifiki hata mizunguko sita. Na si lazima plazma iwe ya waridi. Mpasuko mdogo usioonekana kwa jicho unatosha kuharibu hesabu, ndiyo maana leo maabara makini hupima kwanza wekundu kwa mwanga wa nanomita 414, au hulinganisha miR-451 na miR-23a, kabla ya kuamini lolote.

Kuna kichekesho ndani yake. Kwa miaka kadhaa tafiti nyingi zilitumia miR-16 kama jiwe la mizani, yaani ile isiyobadilika, ambayo nyingine zote hupimwa dhidi yake. Ndiyo hiyo hiyo miR-16 inayomwagika seli nyekundu zikipasuka. Ni kama muuza samaki anayepima kwa jiwe la barafu.

Mfano wa kilichofuata ni miR-195. Mwaka 2010 madaktari wa upasuaji wa Galway, Ireland, walipima damu ya wagonjwa 83 wa saratani ya matiti na wanawake wazima 44. Wakaona miR-195 imepanda kwa wagonjwa, na baada ya uvimbe kutolewa ikashuka ikawa sawa na ya wazima. Kwa kweli ilikuwa habari nzuri. Miaka mitano baadaye ikatoka kazi ya India: miR-195 kwa wagonjwa imeshuka. Molekuli moja, ugonjwa mmoja, mishale miwili inayotazamana. Mmoja wao alidanganya? Si lazima. Galway walipima damu nzima, pamoja na seli zake. Ukipima plazma umezitoa seli. Umebadilisha kitoweo, halafu unashangaa ladha imebadilika.

Sasa fikiria utafiti ambamo wagonjwa wametolewa damu asubuhi wodini, hawajala, wana hofu ya upasuaji, na wazima wametolewa damu mchana mahali pengine na mtu mwingine, tyubu zikakaa saa tatu kabla ya kuzungushwa. Mashine itaona tofauti kubwa na ya kweli kabisa kati ya makundi mawili. Itakuwa imegundua wodi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa Heidelberg. Nasema hiyo ndiyo sababu ya kudai makala iandikwe, yenye maelezo ya nani alitolewa damu wapi na ikakaa muda gani, kabla ya kuita waandishi wa habari.

Namba iliyokuja peke yake

Turudi kwenye asilimia 75. Ina maana kati ya wanawake 100 wenye saratani, kipimo kiliwakamata 75. Inavutia, mpaka ufanye jaribio lifuatalo.

Chukua mfuko, tia ndani kete nne, tatu nyekundu na moja nyeupe. Kaa mlangoni mwa kliniki. Kila mama anayeingia, toa kete bila kuangalia, kisha irudishe. Ikiwa nyekundu, mwambie ana saratani. Ukimaliza mwaka utakuwa umewakamata asilimia 75 ya wagonjwa wote waliopita, sawasawa na sensesheni ya dunia, na hukuhitaji hata tone la damu.

Tatizo la mfuko wako ni kwamba umewatisha pia asilimia 75 ya wazima. Basi namba ya kukamata, inayoitwa unyeti, haina maana yoyote bila namba ya pili, umahususi, yaani ni wazima wangapi kipimo kinawaacha waende nyumbani kwa amani. Mvuvi wa juya anajua kwamba kusifia wingi wa samaki bila kutaja takataka zilizopanda nao ni nusu ya habari. Tangazo la Februari lilikuwa na namba ya kwanza. Ya pili haikuwamo.

Wanatakwimu wa Ujerumani waliliona haraka. Kuna jopo dogo, mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer akiwa mmoja wao, ambalo kila mwezi huchagua takwimu iliyopotoshwa. Ya Februari 2019 ikawa kipimo hiki.

Ngoja niifanye hesabu ambayo tangazo lingepaswa kuifanya. Namba za kubuni nitazisema kuwa ni za kubuni. Tuseme kipimo kinakamata asilimia 75, na kinawatisha bure wazima 20 kati ya 100. Katika utafiti wenye wagonjwa 500 na wazima 400, waliopata majibu chanya watakuwa wagonjwa 375 na wazima 80. Ukishika jibu moja chanya, uwezekano kwamba ni saratani kweli ni asilimia 82. Chumba kinapiga makofi.

Sasa kipeleke kipimo hicho hicho mtaani, kwa wanawake 1,000 wasiohisi chochote. Tuseme watano wana uvimbe ambao bado haujajulikana. Kipimo kitawakamata wanne. Kwa wale 995 wazima, kitawatisha 199. Wanawake 203 watapigiwa simu waje, na wanne tu ndio wagonjwa. Mmoja katika 50. Hakuna kilichobadilika ndani ya tyubu: si molekuli, si mashine, si fundi. Kilichobadilika ni chumba. Hata ukikisafisha kipimo sana, kitishe bure watano tu kati ya 100, bado utawaita 54 ili uwapate hao wanne.

Hapa ndipo ile asilimia 86 ya wanawake wa hadi miaka 50 inapokuwa mtego. Ujerumani wakati huo ilikuwa inawaalika kwenye mamografia, ile picha ya titi lililobanwa kwenye mashine, wanawake wa miaka 50 hadi 69, kila baada ya miaka miwili. Walio chini ya 50 hawakuwa na mwaliko, na titi la mwanamke kijana mara nyingi lina nyama nzito ambayo kwenye picha huonekana nyeupe, kama uvimbe unavyoonekana mweupe. Kwa hiyo walikuwa ndio wenye kiu ya kipimo kipya. Lakini ni hao hao ambao saratani ni nadra zaidi kwao. Pale ambapo wagonjwa ni wachache, wanaotishwa bure huzidi. Kipimo kilisifiwa kwa nguvu zaidi mahali ambapo hesabu yake ingekuwa mbaya zaidi.

Na kuna jambo moja la mwisho kuhusu hao wagonjwa 500. Walikuwa wameshajulikana. Mtu anayejulikana ana saratani mara nyingi ana uvimbe ulioshikwa na mkono au ulioonekana kwenye picha. Kipimo cha uchunguzi wa awali kinatafuta yule ambaye hana dalili hata moja, mwenye uvimbe mdogo unaomwaga barua chache. Kumkamata wa kwanza si ushahidi kwamba utamkamata wa pili.

Kilichofuata Heidelberg kilienda kasi. Vyama vya wataalamu vilitilia shaka hadharani. Mwezi Aprili hospitali iliomba radhi. Tume ya watu wa nje iliundwa kuchunguza jinsi tangazo lilivyofika kwenye vipaza sauti, na kabla mwaka haujaisha viongozi kadhaa wa juu wa hospitali na kitivo chake walikuwa wameachia viti. Kipimo hakikuingia sokoni. Mambo ya kampuni, hisa na nani alikuwa na haki ya uvumbuzi yaliandikwa sana na magazeti ya Kijerumani, nayaacha huko. Mimi naona hata kama kila mtu katika kisa hiki angekuwa malaika asiyetaka senti, kosa la hesabu lingebaki pale pale.

Kilichoniudhi zaidi ni jinsi baadhi ya watu walivyogeuka wakasema maikro-RNA ni utapeli. Zile kazi za 2013 hazikufutika. Na kuna matumizi ambamo molekuli hizi zina nafasi bora kuliko kutafuta mgonjwa katika umati. Katika jaribio la NeoALTTO, lililohusu wanawake wenye saratani ya matiti ambayo seli zake zina protini iitwayo HER2 kwa wingi, maikro-RNA za plazma zilichunguzwa kuona kama zinatabiri nani uvimbe wake utayeyuka kwa dawa kabla ya upasuaji. Matokeo yalitoka mwaka huo huo wa 2019. Tazama tofauti. Wote wanajulikana ni wagonjwa. Mwanamke unaweza kumlinganisha na yeye mwenyewe, kabla ya dawa na baada ya wiki mbili, kwa tyubu ile ile na sentrifuji ile ile. Hakuna wazima 995 wa kutisha.

Nilimpigia shangazi siku ya Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa na habari za kete na za chumba, lakini hakunipa nafasi ya kufika huko. Alisikiliza kidogo, akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Hiyo damu si inatoka mkononi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa kikisema ninayo, na mimi mwenyewe nikijipapasa sioni kitu, na picha nayo haioni kitu, huyo daktari ataanzia titi gani?"

Nikamwambia kipimo hakijui. Damu imezunguka mwili mzima kabla ya kufika kwenye sindano, haina anwani. Mwanamke huyo angerudi kwenye mamografia ile ile na ultrasaundi ile ile aliyotaka kuikwepa, na zisipoonyesha kitu angeambiwa arudi baada ya miezi sita.

"Miezi sita yote nalala na hilo neno kichwani?"

"Ndiyo, shangazi."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ultrasaundi ya pale kwao inafanya kazi siku za Jumamosi.